Seli Mia Moja Ambazo Sikuzihesabu

Tulimzika Daktari Makokha nyumbani kwake karibu na Lwakhakha, upande wetu wa mpaka, siku ya mvua nyepesi iliyokuwa ikianza na kuacha. Kwa cheti hakuwa daktari. Alikuwa afisa wa kliniki, lakini watu wa huko, kama watu wa Kitale kabla yao, hawakumwita kwa jina jingine. Nilifika mapema kutoka Bungoma. Sikutaka kuketi mbele pamoja na wale waliowahi kufanya naye kazi, kwa hiyo nilizunguka nyuma ya nyumba, nikachukua kisu, nikakaa na kina mama waliokuwa wakimenya viazi. Pale hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Mmoja wao, aliyevaa sweta ya mwanamume, alisema, "Huyu si alikuwa hospitali huko Kitale? Mbona alikuja kumaliza maisha yake akiuza vidonge vya kichwa hapa mpakani?" Mwenzake akajibu bila kuinua macho, "Kuna mama mmoja Mhindi alimfia. Ati alisoma karatasi vibaya, akaambia watu mama amepona, kumbe anakufa. Wakamfukuza." Yule wa sweta akaguna. "Na vile alikuwa mtu wa kusoma." Niliendelea kumenya kiazi changu mpaka kikabaki kidogo kama yai la njiwa, na mama aliyekuwa kando yangu akakichukua mkononi mwangu polepole, akidhani ni msiba umenizidi. Karatasi waliyokuwa wakiizungumzia niliiandika mimi.

Sitaanza na wazazi wangu wala kijiji nilichozaliwa. Hawana hatia katika jambo hili. Nitaanza na chumba. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, nami nina miaka ishirini na miwili, nimetoka chuoni na cheti cha maabara, nimeajiriwa na hospitali moja ndogo ya kibinafsi mjini Kitale, ya vitanda kumi na vinne, ambayo siku hizi haipo tena. Nilipanga chumba nyuma ya hadiwea, yaani duka la vifaa vya ujenzi, ya mjane mmoja wa Kisikh. Mjini walimwita Mama Manjit, kwa jina la binti yake, lakini Manjit alimwita Biji, yaani mama kwa lugha yao, na kabla mwezi haujaisha mimi pia nikawa nasema Biji. Chumba changu kilikuwa na kitanda, meza na dirisha lililotazama ua ambako mabati na misumari ilihifadhiwa. Jikoni kwake kulikuwa hatua sita kutoka mlangoni kwangu. Nilikuwa nimenunua sufuria na jiko la mafuta, lakini sikumbuki kupika zaidi ya mara tano mwaka ule. Nikirudi kazini nilisikia sauti yake kabla sijafungua kufuli: "Ema, kuja. Chapati iko moto, dengu iko tayari. Kazi ya damu haitakimbia." Tulikula watatu kwenye meza ya mbao iliyotandikwa plastiki ya maua. Manjit alikuwa rika langu, mrefu, mwenye kucheka kwa pua, na yeye ndiye aliyesoma barua za wenye viwanda na kubishana kwenye simu. Biji alikaa dukani toka asubuhi akiwapimia seng'enge wakulima wa Saboti na Kachibora, akiwauliza habari za mahindi na za watoto wao kwa majina.

Biji alipenda kuniuliza juu ya kazi yangu. Aliona ni ajabu kwamba msichana mdogo analipwa kwa kuchungulia. "Wewe naona nini huko ndani ya damu?" aliniuliza jioni moja huku akinisukumia achari ya limau. Nikamwambia kuna seli nyekundu za kubeba hewa, na kuna seli nyeupe, ambazo ni askari. Kidudu kikiingia mwilini, askari wanaongezeka, wanakifuata, wanapigana nacho. Akafikiri kidogo. "Na vita ikiisha? Nani naambia askari rudi nyumbani?" Nilicheka. Nilimjibu kwamba hakuna, wanakufa tu wenyewe kazi ikiisha. Ndivyo nilivyofundishwa, au ndilo nililobaki nalo katika yale niliyofundishwa. Biji alitikisa kichwa kama mtu asiyeridhika na bei. "Askari bila mkubwa, mbaya sana hiyo," akasema, akamgeukia Manjit wakaanza habari za rangi ya mabati.

Inabidi nieleze jinsi kazi yenyewe ilivyofanywa, kwa sababu kosa langu lilikaa ndani yake. Mgonjwa mwenye homa alipoletwa, nilimtoa damu, nikaichanganya na dawa, nikahesabu seli zote nyeupe kwenye kioo chenye mistari. Hapo unapata idadi moja: ziko nyingi, ziko za kawaida, au ziko chache. Halafu inakuja sehemu ya pili. Unapaka tone la damu kwenye kioo kingine, unalikausha, unalitia rangi ya zambarau, kisha unakaa kwenye hadubini na kutafuta seli nyeupe mia moja, moja baada ya nyingine, ukiandika kila moja ni ya aina gani. Kuna zile za vipande vipande katikati, ambazo ndizo askari wa mbele. Kuna changa zake, ambazo mwili huzitoa kabla hazijakomaa pale vita inapouzidi. Kuna limfosaiti, ndogo, za mviringo, nyeusi katikati, ambazo sisi vijana wa maabara tuliziona kama abiria tu. Hesabu hiyo ya aina inachukua robo saa ukiwa mwangalifu. Mtu aliyenipokea kazini, ambaye alihama baada ya miezi miwili, alinifundisha njia ya mkato kwa roho safi kabisa. Alisema ikiwa idadi ya jumla ni ya kawaida, hizo aina nazo zitakuwa za kawaida, kwa hiyo andika sitini za mbele, thelathini na nne limfosaiti, hizo nyingine gawa utakavyo. Tuliita kupika majibu. Nilishtuka siku ya kwanza. Siku ya kumi nilikuwa nimeshapika mara mbili, na hakuna mtu aliyekufa.

Biji alichomwa na ncha ya seng'enge kiganjani siku ya Jumatatu, akikata mita hamsini za mteja. Alifunga kitambaa akaendelea kuuza. Jumatano mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko, na alikula kwa mkono wa kushoto akituambia tusimtazame. Alhamisi asubuhi Manjit alinigongea mlango. Biji alikuwa akitetemeka, macho mekundu, akiongea Kipunjabi na mimi. Tulimpeleka hospitalini kwetu. Daktari Makokha alimlaza mara moja, akamchoma sindano za kuua vidudu, akamning'inizia maji. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, mwenye tabia ya kunusa kalamu akifikiri. Damu ya siku hiyo niliihesabu yote, kila seli. Jumla ilikuwa elfu kumi na nane, karibu zote askari wa mbele. "Mwili unapigana," Makokha alisema, na akamweleza Manjit kwamba hiyo ni dalili nzuri. Ijumaa alikuja mjomba wa Manjit kutoka Nakuru na gari lake, akasema Biji akitakiwa kupelekwa Eldoret kwenye hospitali kubwa, yeye yuko tayari saa yoyote.

Jumamosi nilipaswa kumaliza kazi saa saba mchana. Saa saba na nusu kulikuwa na gari la Bungoma, na Bungoma kulikuwa na mwalimu kijana aitwaye Wafula, ambaye shangazi yake, aliyemlea, alikuwa amechinja kuku ili anione kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeshona gauni kwa ajili ya siku hiyo, la buluu, nikalining'iniza nyuma ya mlango wa maabara. Karibu saa sita nilikwenda kumtoa Biji damu. Homa ilikuwa imeshuka. Kila mtu wodini alifurahi, na nesi alikuwa ameshaandika hivyo kwenye karatasi ya kitandani. Lakini nilipomshika ule mkono usiovimba, ulikuwa baridi, na alikuwa akipumua haraka kama mtu aliyepanda ngazi. "Ema," aliniambia, "leo baridi sana." Nje jua lilikuwa linawaka. Nikamfunika blanketi la pili. Akaniuliza kama duka limefungwa, nikasema limefungwa, akaniuliza tena. Haya yote niliyaona. Nimekuwa nikijiambia kwa miaka mingi kwamba sikuwa nesi, kwamba kazi yangu ilikuwa damu. Lakini niliyaona.

Nilihesabu jumla: elfu sita. Kutoka elfu kumi na nane hadi elfu sita kwa siku mbili. Nilifurahi kweli. Nilipaka kioo cha pili, nikakitia rangi, nikakiegemeza kikauke, kisha nikatazama saa. Makokha aliingia mwenyewe, jambo ambalo hakuwa akilifanya mara nyingi.

"Imefika ngapi?"

"Elfu sita, daktari."

Akanusa kalamu. "Imeshuka haraka. Na aina zake?"

"Bado kidogo. Nakuletea."

"Niletee, tafadhali. Nataka nizione kabla huyo mjomba hajaondoka."

Alitoka. Nikavua koti la maabara, nikavaa gauni langu la buluu, nikaketi mezani na kalamu. Niliandika sitini na moja za mbele. Niliandika limfosaiti thelathini na nne. Hizo nyingine nikazigawa. Sikuikaribia hadubini. Nilimpelekea Makokha karatasi wodini, akaisoma amesimama, akaisoma tena, na mabega yake yakashuka. "Haya," akasema, "asante. Kumbe ni nafuu ya kweli." Koridoni Manjit alinishika mkono. "Ema, damu imesema nini?" Nikamwambia, "Damu imerudi sawa." Alinikumbatia, akaniambia nimependeza, nikaenda zangu Bungoma.

Chakula cha siku ile nakikumbuka kuliko chakula chochote cha maisha yangu. Kuku wa mchuzi mzito, ugali wa wimbi na muhogo uliofunikwa kwa sahani, mboga ya kunde iliyotiwa maziwa na kulazwa usiku. Sebule ilikuwa na vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono juu ya kila kiti. Niliketi nikiwa nimebana magoti, na kutoka jikoni nikamsikia shangazi, ambaye l yake na r yake zilibadilishana zilivyotaka, akimwuliza jirani yake, "Sasa huyu kazi yake ni kuangaria damu tu?" Jirani akajibu, "Ni kazi ya kusoma hiyo. Ukikosea, mtu anakufa." Shangazi akasema, "Basi ni msichana mwangarifu." Wafula alinitazama akatabasamu, kwa sababu naye alisikia, nami nikatabasamu pia. Huyo Wafula ndiye aliyenioa mwaka uliofuata. Ni mume mwema. Mara nyingi amewasimulia watoto wetu habari ya siku ile, kuku, gauni la buluu, msichana mwangarifu, na kila akianza mimi huinuka nikaenda jikoni kutafuta kitu.

Nilirudi Kitale Jumatatu asubuhi na kwenda kazini moja kwa moja. Nesi aliniambia wakati nafungua mlango wa maabara. Jumapili mchana Biji alianza kuongea maneno yasiyoeleweka, mkojo ukakatika, shinikizo la damu likaanguka. Mjomba alikuwa amesharudi Nakuru na gari lake tangu Jumamosi. Walizunguka mji wakitafuta usafiri, na mwisho mkulima mmoja wa Kachibora, mteja wake wa siku nyingi, ndiye aliyejitolea pikapu. Walimlaza nyuma juu ya godoro, Manjit akimshikilia kichwa, wakaondoka saa kumi na moja jioni. Nesi aliposhuka ngazi nilifunga mlango. Kioo changu kilikuwa pale pale nilipokiegemeza, kimekauka vizuri, rangi imeshika. Nilikiweka chini ya hadubini na nikafanya ile kazi ambayo nilipaswa kuifanya Jumamosi. Kwa macho ya kwanza tu nilijua. Seli changa zilijaa kila mahali, zimepinda kama herufi C, na ndani yao punje nyeusi zilizokolea, ambazo mwalimu wetu alituonyesha mara moja chuoni na kusema mkiona hizi kimbieni mkamwite daktari. Nilihesabu mpaka mia moja. Limfosaiti zilikuwa tatu. Idadi haikuwa imeshuka kwa sababu vita imekwisha. Ilishuka kwa sababu mwili ulikuwa umemaliza watu wake wazima na sasa unapeleka watoto.

Nilikuwa bado nimekaa pale simu ilipolia ofisini, na nikasikia karani akisema "Ndiyo" mara nyingi, halafu "Pole sana." Biji alikuwa amefariki alfajiri. Baada ya muda Makokha aliingia. Hakukaa. Alisema daktari wa Eldoret amemwambia kwamba jeraha lenyewe halikuwa baya, usaha ulikuwa kidogo, inawezekana hata sindano zilikuwa zimeua vidudu vingi. "Anasema kilichomuua si kidudu. Ni mwili wenyewe, ulishindwa kuacha." Kisha akanitazama. "Ile hesabu ya aina, Ema. Ulihesabu?"

"Nilihesabu, daktari."

"Mia moja?"

"Mia moja."

Akatikisa kichwa taratibu, akatoka. Siku zile vioo havikutupwa. Vilioshwa na kutumiwa tena. Nilikwenda kwenye sinki, nikafungua maji, nikakisugua kile kioo kwa sabuni mpaka kikawa safi.

Mjomba wa Nakuru alipokuja, alikuja na hasira, na alikuwa na haki. Mwenye hospitali alihitaji mtu wa kuwajibika. Makokha aliitwa ofisini, na kupitia ukuta wa mbao nilisikia akisema, "Mimi ndiye niliyesema abaki. Karatasi niliisoma mwenyewe." Hakutaja jina langu. Mwisho wa mwezi alikuwa hana kazi. Alipita maabara kuchukua kikombe chake cha chai, akaniambia, "Wewe bado mdogo, fanya kazi tu," na mpaka leo sijui kama alijua. Wengine walimtafutia nafasi Bungoma lakini habari ilikuwa imemtangulia, na hatimaye akaenda nyumbani mpakani akafungua kibanda cha dawa. Mimi nilibaki na kazi yangu, na chumba changu, na chakula cha Manjit. Hilo ndilo lililonitesa zaidi mwaka ule. Manjit aliendelea kupika kwa watu wawili, akinigongea mlango ule ule, na tulikula tukitazama kiti cha tatu. Usiku wa kwanza baada ya matanga aliniambia, "Wewe peke yako ndiye ulikuwa unatuambia kitu. Wengine walikuwa wanapita tu." Nikameza chapati. Desemba aliuza duka akaenda Uingereza kwa ndugu wa baba yake, nami nikahamia Bungoma nikaolewa. Tangu siku ile ya kioo sijawahi kupika jibu hata moja. Nasema hivyo si kwa kujisifu. Kwa wagonjwa wengine waliofuata nilikuwa mwaminifu. Biji hakupata kitu katika uaminifu huo.

Miaka kama kumi ilipita. Bungoma tuliitwa kwenye mafunzo, sisi wa maabara kutoka hospitali mbalimbali, katika ukumbi wenye viti vya plastiki na chai ya saa nne. Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi aliyeandika ubaoni kwa herufi kubwa. Alizungumzia sepsisi, neno ambalo kwetu lilikuwa bado geni. Sisi tulisema sumu imeingia kwenye damu. Alisema kidudu kinapoingia, seli za kwanza kukifikia hupiga kelele, na kelele hiyo ni kemikali. Inafungua kuta za mishipa midogo ili wapiganaji wengine wapite, inaleta joto, inaleta uvimbe. Kwenye kidole kimoja hilo ni jambo zuri. Lakini kelele ikienea mwili mzima, mishipa yote inavuja kwa pamoja, shinikizo linaanguka, figo na ini vinakosa damu, na mgonjwa anaweza kufa hata kama vidudu vimekwisha. "Kwa hiyo," akasema, "mwili hauna askari wa kupigana tu. Una seli za kutuliza." Alichora kiduara kidogo cheusi. Alisema wataalamu walikuwa wanaanza kuelewa kwamba miongoni mwa limfosaiti kuna zile ambazo kazi yake ni kuwazuia wenzao wasivuke mipaka. Zinatoa kemikali za kuwapoza. Na zipo seli kubwa za kula takataka, ambazo zikishameza wapiganaji waliokufa hugeuka, zikaanza kutuliza uvimbe na kutengeneza palipoharibika. Katika sepsisi kali, limfosaiti hufa kwa wingi, na ule mpango wa nani apigane na nani atulize unavurugika wote. Chini ya hadubini zetu hatuwezi kumtofautisha mtulizaji na mpiganaji, akasema, wote ni viduara vyeusi. Lakini tunaweza kuona kwamba havipo.

Nilimkumbuka Biji na achari yake, akiniuliza nani anawaambia askari warudi nyumbani. Mwalimu akageuka kwetu na swali. "Mgonjwa wenu jumla ilikuwa juu, leo imeshuka ikawa ya kawaida. Mnahesabu aina, mnakuta seli changa zimejaa na limfosaiti tatu. Mnamwambia nini daktari?" Kijana wa nyuma alijibu kwa haraka, kama jambo jepesi: "Kwamba hali ni mbaya, mgonjwa apelekwe hospitali kubwa sasa hivi." "Vizuri sana," mwalimu akasema. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo cha ukumbi mpaka mapumziko ya chai. Najua kinachoweza kusemwa kunitetea, nimekisema mwenyewe mara nyingi. Huenda Biji angekufa hata kama angefika Eldoret Jumamosi mchana. Wakati ule hata hospitali kubwa zilikuwa na machache ya kufanya kwa mgonjwa kama yule. Lakini angefika akiwa anaongea. Angepewa maji zaidi, oksijeni, mtu wa kumtazama figo. Nafasi hiyo, iwe kubwa au ndogo, ilikuwa yake, na mimi niliichukua nikaenda nayo kula kuku.

Siku tatu baada ya mazishi ya Makokha nilimpigia Manjit simu Uingereza. Miaka yote hiyo alikuwa akiniandikia, kwanza kadi, baadaye ujumbe wa simu, na mimi nikimjibu kwa maneno mafupi. Nilimwambia Makokha amekufa. Kisha nikamwambia hayo mengine, bila kupumzika, kwa sababu nilijua nikipumzika nitaacha. Karatasi, gauni, kioo, sinki. 

"Ema," akasema nilipomaliza. Kiswahili chake kilikuwa bado cha Kitale. "Unajua mjomba alikataa kuenda? Alisema anangoja mpaka Jumapili. Mimi ndiye nilimwambia aende. Nilimwambia, Ema amesema damu iko sawa, wewe rudi kwa watu wako."

"Manjit."

"Ngoja. Miaka yote hii, siku ya kumkumbuka Biji nikipika, naona hilo gari likitoka kwa geti. Nilifikiri ni mimi nilimuua. Nimeambia mzee wa hekalu letu, nimeambia mume wangu, nimeambia daktari wa mambo ya akili. Wewe ulikuwa na namba yangu."

Nilikuwa nimehesabu wafu wangu kuwa mmoja, na aliyeharibikiwa kuwa mmoja, Makokha. Manjit sikumhesabu kabisa.

"Pole," nikasema.

"Sitaki pole leo. Labda siku nyingine." Nilimsikia akivuta pumzi. "Huyo daktari ameacha watoto?"

"Watatu. Na mke."

"Wanajua?"

"Hawajui."

"Basi nenda uwaambie," akasema, na akakata simu.

Nilikwenda Lwakhakha wiki iliyofuata. Wafula aliniuliza naenda kufanya nini, nikamwambia nikirudi nitamweleza yeye pia. Mjane wa Makokha, Mama Nafula, alikuwa ameketi barazani na ungo wa maharagwe magotini, akichambua. Alinikaribisha kiti, akauliza kama nilifanya kazi na marehemu, nikasema ndiyo, Kitale, maabara. Uso wake ukalainika. "Alikuwa anaongea juu ya Kitale mpaka mwisho," akasema. "Hata juzi akiwa kitandani. Anasema, mimi nilikosea kusoma, nilisoma vibaya, yule mama angeishi. Tulimwambia aache, ni zamani. Hakuacha."

"Hakukosea kusoma, mama," nikamwambia. "Alisoma vile ilikuwa imeandikwa. Mimi ndiye niliandika, na nilichoandika kilikuwa uongo."

Mikono yake ilisimama ndani ya maharagwe. Nilimweleza yote, kama nilivyomweleza Manjit, na hakunikatiza. Nilipomaliza hakulia, wala hakunifukuza. Aliweka ungo chini kwa uangalifu, akageuka kuelekea ndani ya nyumba.

"Nafula," akaita. "Kuja hapa, na uite ndugu zako."

Walitoka mmoja mmoja, watu wazima wote, binti akifuta mikono kwenye leso, wana wawili wa kiume wenye vichwa vilivyonyolewa kwa ajili ya baba yao. Walinisalimia kwa heshima na kukaa ukingoni mwa baraza. Mama yao aliwangoja wote watulie, kisha akanitazama.

"Anza tena," akasema. "Kutoka mwanzo, na usiruke kitu."